Uzi: Namba za gesi za damu, na hatari ya namba isiyo na mshale

Mleta uzi

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni daktari katika wodi ya wagonjwa mahututi, na karatasi ninayoishika mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni ile nyembamba inayotoka kwenye mashine ya gesi za damu, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali), hewa ya ukaa (kabonidioksidi), oksijeni, bikaboneti (alkali inayozima asidi katika damu) na laktati (asidi inayoongezeka viungo vikikosa oksijeni), na pembeni mwa kila namba iliyotoka nje ya kawaida mshale mdogo wa kupanda au kushuka. Nimewaona wenzangu wengi, wakiwemo wenye uzoefu, wakiisoma mishale tu; pasipo na mshale wanashusha pumzi na kuelekea kitanda kinachofuata. Uzi huu nauandika kwa ajili ya namba zisizo na mshale.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea usiku kijana mwenye pumu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja vimekandamiza magoti, mabega yakipanda kwa kila pumzi, na alipojaribu kutaja mtaa anakoishi alikatikia njiani. Kipimo cha kwanza kilisema pH 7.50, hewa ya ukaa milimita 29 za zebaki, bikaboneti 22. Tulimpa dawa za kufungua njia ya hewa, oksijeni na steroidi. Baada ya saa moja na nusu tukapima tena: pH 7.38, hewa ya ukaa 42, bikaboneti 24. Hapakuwa na mshale kwenye hata moja kati ya hizo tatu. Mimi ndiye niliyeandika kwenye faili kwamba gesi za damu zimerudi katika hali ya kawaida. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima ambaye hakuwa ameiona hata hiyo karatasi, akaniambia, "Daktari, huyu kijana kifua chake hakipigi tena mluzi, na hata macho hayageuzi tena anapoitwa."

Kifua hakikuwa kimefunguka. Hewa ilikuwa haipiti tena kwa kiasi cha kutoa mluzi, na misuli ya kupumulia ilikuwa imechoka. Mtu mwenye pumu kali hupumua kwa kasi na kuitoa hewa ya ukaa kupita kawaida, ndiyo maana mwanzoni ilikuwa 29. Safari kutoka 29 hadi 42, kwa mtu ambaye bado amebanwa, ni safari ya kuelekea kushindwa kupumua, na 42 ilikuwa kituo cha njiani tu. Alitiwa mpira wa kupumulia dakika chache baadaye, na alipona. Tangu usiku ule sijaandika tena maneno "gesi za damu ni za kawaida" kabla ya kumtazama mgonjwa mwenyewe anavyopumua.

Sasa niweke msingi, ili anayesoma asiye wa fani naye atembee nasi. Damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mtu mwenye afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45. Upana huo unaonekana mdogo kwa sababu pH ni kipimo cha logi. Ukizihesabu ioni za hidrojeni zenyewe, pH ya 7.40 ni nanomoli 40 kwa lita, pH ya 7.10 ni karibu 80, na pH ya 7.00 ni 100. Kwa hiyo anayesema kwamba pH imeshuka kidogo tu, kutoka 7.4 hadi 7.1, anasema kwamba asidi ndani ya damu imekuwa maradufu.

Mwili una milango miwili ya kutolea asidi. Mapafu hutoa hewa ya ukaa, kiasi cha milimoli 15,000 hivi kwa siku, na yanaweza kuongeza au kupunguza kasi ndani ya dakika chache. Figo hutoa zile asidi zisizoweza kugeuka gesi, takribani milimoli 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kuirejesha bikaboneti kwenye damu. Kazi yao ni ya saa nyingi na siku, haina haraka. Hewa ya ukaa katika ateri huwa kati ya 35 na 45, na bikaboneti kati ya 22 na 26, lakini kinachoamua pH si hii peke yake wala ile peke yake, ni uwiano wa hizo mbili. Mwanasayansi Mmarekani Lawrence Henderson aliuonyesha uhusiano huo mwaka 1908, na kitandani tunautumia kwa njia nyepesi: zidisha 24 kwa hewa ya ukaa, kisha gawanya kwa bikaboneti, unapata nanomoli za hidrojeni. Kwa kijana wangu ni 24 mara 42, gawanya kwa 24, jibu ni 42, nayo ni pH 7.38. Hesabu ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni msomaji.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne

Shikamoo, Daktari. Tumefundishwa hatua za kusoma gesi za damu, lakini kila mwalimu ana mpangilio wake, na ninapofika wodini hatua zote zinanipotea. Naomba utueleze wewe unaanzia wapi, na namna ya kujua kama kuna matatizo mawili kwa wakati mmoja.

Mleta uzi

Marahaba. Ninaanza na mgonjwa kabla sijaigeuza karatasi, na ninajisemea moyoni ninachotarajia kukikuta. Mgonjwa anayeharisha kwa siku mbili ninatarajia bikaboneti ya chini. Mgonjwa anayetapika kila anachokunywa ninatarajia bikaboneti ya juu, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo inayomtoka. Karatasi ikikubaliana nami, vyema. Ikikataa, hapo ndipo penye kazi.

Kisha natazama pH na kuuliza ni upande upi, wa asidi au wa alkali. Baada ya hapo nauliza nani aliyeanzisha: kati ya hewa ya ukaa na bikaboneti, ni ipi iliyokwenda upande unaoweza kuieleza pH hiyo? Hewa ya ukaa ikipanda, damu inaelekea kwenye asidi. Bikaboneti ikishuka, vilevile. Aliyeanzisha akishajulikana, yule mwingine anabaki kuwa mjibuji, na swali la mwisho, ambalo wengi huliruka, ni hili: je, amejibu kwa kiasi kinachotakiwa?

Nikupe mfano wa mgonjwa wa kisukari aliyeletwa na ndugu zake akiwa na kiu kali, kinywa kikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, akivuta pumzi ndefu za kina bila kupumzika. Kupumua kwa namna hiyo kulielezwa na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874, na hadi leo tunakuita kwa jina lake. Karatasi inasema pH 7.19, hewa ya ukaa 19, bikaboneti 7. Aliyeanzisha ni bikaboneti, imeliwa na asidi za ketoni. Mapafu yanajibu. Kiasi kinachotarajiwa cha hewa ya ukaa ni bikaboneti mara 1.5, ongeza 8, pamoja na au kasoro 2, yaani hapa ni 18.5, kati ya 16.5 na 20.5. Amepata 19. Mapafu yake yanafanya kazi yote inayowezekana, na ole wake atakayempa dawa ya usingizi ili "apumzike".

Sasa mchukue mgonjwa huyo huyo, bikaboneti ileile 7, lakini hewa ya ukaa ni 30. Bado 30 iko chini ya 35, na mashine itaiwekea mshale wa kushuka, na mtu atasema mapafu yanafidia. Lakini yalitakiwa kufika 19 hivi na yameishia 30. pH yake ni 6.99. Huyu ana matatizo mawili: asidi ya kisukari na mapafu yanayoshindwa, ama kwa sababu ya nimonia, ama uchovu, ama kupotewa na fahamu. Namba ya hewa ya ukaa iliyo chini ya kawaida ndiyo inayotwambia kwamba anashindwa kupumua. Ukiielewa hiyo, mwanangu, nusu ya somo hili umeimaliza.

Pale ambapo hewa ya ukaa ndiyo iliyoanzisha, mjibuji ni figo, na muda unakuwa na uzito. Hewa ya ukaa ikipanda ghafla, bikaboneti hupanda kwa takribani 1 kwa kila milimita 10. Ikishakaa juu kwa siku kadhaa, figo huipandisha kwa 3.5 hadi 4. Ikishuka ghafla, bikaboneti hushuka kwa 2 kwa kila 10. Rudi kwa kijana wa pumu: ilishuka kutoka 40 hadi 29, na bikaboneti ikawa 22, sawasawa na inavyotakiwa kwa jambo lililoanza saa chache tu nyuma.

Muuguzi, hospitali ya wilaya

Daktari, nakushukuru kwa maelezo, ila wengi wetu hatuna hiyo mashine. Na pale ilipo, mara nyingi vifaa vyake vya kupimia vimeisha. Mimi niko wodi ya watoto, msimu wa mvua ninapokea watoto wa malaria wakiwa wanahema, na hakuna karatasi yoyote ya kusoma. Je, sisi tufanye nini na somo hili?

Mleta uzi

Dada, swali lako ndilo lililo kubwa kuliko yote katika uzi huu, na jibu lake lina historia ya hapa kwetu. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, na matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Dalili mbili za kitandani, kupungua kwa fahamu na kuhema kwa shida, ndizo zilizowatambulisha wengi wa watoto waliokuwa katika hatari ya kufa. Kazi ya Kilifi ilituonyesha pia kwamba kuhema huko kwa watoto wengi hakukuwa kwa nimonia wala moyo kushindwa. Kulikuwa ni kwa asidi. Mtoto huvuta pumzi za kina, mbavu zikiingia ndani, ilhali ukimsikiliza mapafu ni masafi. Mtoto wa namna hiyo anakupa gesi za damu kwa macho.

Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya malaria kali vinataja bikaboneti chini ya 15, au laktati ya damu ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) kuanzia 5. Laktati hutokana na vimelea kuziba mishipa midogo, na upungufu wa damu unaofanya viungo vikose oksijeni. Kwa hiyo mtoto anayehema kwa kina, viganja vyeupe, mapafu masafi, anahitaji kupimwa wingi wa damu na sukari mara moja, kupewa artesuneti ya sindano, na kuongezewa damu bila kuchelewa pale inapohitajika. Asikimbiziwe dripu ya haraka. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi ya haraka walikufa zaidi: takribani 10.5 kwa kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa. Tofauti na hao ni mtoto wa kipindupindu au kuhara kukali, ambaye bikaboneti inamtoka kwenye kinyesi pamoja na maji. Huyo maji ndiyo dawa yenyewe, na ni mengi, na ndiyo sababu tunapenda dripu ya Ringer, kwa kuwa laktati iliyomo ini huigeuza kuwa bikaboneti.

Kwa hiyo hesabu pumzi kwa dakika nzima, ukiwa umemfunua mtoto kifua, na uandike kina chake pamoja na idadi. Kama maabara yenu inapima chumvi za damu, bikaboneti huenda imo ndani ya majibu hayo na hakuna anayeitazama. Na kama ipo mashine ila ateri inakushinda, damu ya vena inafaa kwa pH na bikaboneti: pH yake huwa chini ya ile ya ateri kwa takribani 0.03 tu, na hewa ya ukaa juu kidogo kwa milimita 5 au 6. Kwa oksijeni pekee ndiyo haifai. Mgonjwa aliye katika mshtuko huzidisha tofauti hizo, kwa hiyo huko uwe mwangalifu.

Mchangiaji mwingine

Wakuu, mimi si mtu wa afya. Baba yangu ana miaka 71, amevuta sigara tangu ujana na ana ugonjwa sugu wa mapafu. Alipolazwa walimpima, na karatasi ninayo: pH 7.35, hewa ya ukaa 60, bikaboneti 32. Jamaa mmoja ametuambia bikaboneti ya 32 maana yake damu ina alkali nyingi, na mwingine anatuuzia maji ya alkali akisema yanasafisha asidi mwilini. Tumebaki tunachanganyikiwa. Tufuate lipi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Siwezi kumtibu mzee kupitia hapa, na madaktari wake ndio wenye neno la mwisho, lakini namba hizo naweza kukueleza.

Bikaboneti ya 32 hapo si ugonjwa. Ni majibu. Mapafu ya mzee yameshindwa kuitoa hewa ya ukaa yote kwa muda mrefu, ikakaa 60, na figo zake zimefanya kazi ya miezi kuikusanya bikaboneti ili pH isianguke. Hewa ya ukaa iko juu kwa 20, bikaboneti imepanda kwa 8: ndiyo hesabu ya jambo la muda mrefu niliyoitaja kule juu. Anayeitazama bikaboneti peke yake na kusema "alkali" amelitazama jibu akadhani ni swali.

Kosa hilo hilo liliwahi kugharimu maisha ya watu wengi mahali penye madaktari bingwa. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko wa polio. Wagonjwa walioathirika misuli ya kupumulia na kumeza walipelekwa hospitali ya Blegdam, na katika wiki za mwanzo, kati ya 31 waliowekwa kwenye mashine za wakati ule, 27 walikufa. Vipimo vya damu vilionyesha kabonidioksidi nyingi katika plazima, ambayo sehemu yake kubwa ni bikaboneti, na wengi wakaamini kwamba ni alkalosisi (alkali kuzidi katika damu) ya ajabu isiyo na chanzo. Daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen alipoitwa alisema kinyume: hawa hawapumui vya kutosha, hewa ya ukaa inajaa ndani yao. Tarehe 27 Agosti mwaka huo alimshughulikia msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo lilitobolewa, mpira ukapitishwa, na akapumuliwa kwa kubonyeza mfuko kwa mkono. Kabonidioksidi ikashuka. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kwa zamu, usiku na mchana, kubonyeza mifuko kando ya vitanda kwa miezi, na vifo vikapungua sana. Poul Astrup, aliyekuwa mkuu wa maabara pale, alianza kuipima pH ya damu ya wagonjwa hao, na kutokana na kazi hiyo na elektrodi zilizobuniwa katika miaka iliyofuata tukapata mashine tunazozitumia leo. Bikaboneti ilikuwa juu kweli. Ilichokosa ni mtu wa kuuliza kwa nini.

Kuhusu maji ya alkali: tumbo la binadamu lina asidi yenye pH ya kati ya 1.5 na 3.5, na maji hayo yakifika huko alkali yake inazimwa. Hata ikipita, mapafu na figo hulipanga jambo hilo ndani ya muda mfupi. Mkojo unaweza kubadilika pH, damu haibadiliki. Na kwa mzee wako asidi inatokana na hewa isiyotoka kifuani, jambo ambalo hakuna maji ya chupa yanayoligusa. Fedha hizo ni heri ziende kwenye dawa za kuvuta na nauli ya kliniki. Jambo moja muulize daktari wake waziwazi: kiwango cha oksijeni anachopaswa kuwekewa. Wagonjwa wa aina yake kwa kawaida hulengwa asilimia 88 hadi 92 kwenye kile kifaa cha kidole, kwa sababu oksijeni ikizidishwa hewa ya ukaa inaweza kupanda zaidi. Ndugu wanaoona 90 na kuifungulia mtungi wote kwa huruma wanamletea usingizi mzito.

Mteknolojia wa maabara

Daktari, naomba niongeze upande wetu, maana karatasi nzuri haitoki kwenye damu mbaya. Ninapokea bomba la sindano lenye viputo vya hewa karibu kila siku. Kiputo hicho hupandisha oksijeni na kushusha hewa ya ukaa, na majibu yakitoka mgonjwa anaonekana ana nafuu. Heparini ya maji (dawa ya kuzuia damu isigande) ikiachwa nyingi ndani ya bomba huizimua damu, na hewa ya ukaa pamoja na bikaboneti zinasomeka chini kuliko zilivyo. Damu ikikaa mezani, chembe zake zinaendelea kuishi: zinakula oksijeni, zinatoa hewa ya ukaa, laktati inapanda. Ndani ya dakika 15 ni salama zaidi, na isizidi 30. Toeni hewa, zibeni, viringisheni bomba taratibu katikati ya viganja, msilitikise, na andikeni mgonjwa alikuwa kwenye oksijeni kiasi gani.

Tena mtazame kipimo. Mashine nyingine huandika kwa kilopaskali, ambapo hewa ya ukaa ya kawaida ni 4.7 hadi 6.0. Niliwahi kupigiwa simu usiku na daktari kijana aliyeona 5.3 akadhani mgonjwa wake hana hewa ya ukaa kabisa. Ni 40 ileile. Unazidisha kwa 7.5.

Mleta uzi

Ahsante sana. Na hesabu ya 24 niliyoitaja husaidia hapo pia: pH, hewa ya ukaa na bikaboneti zikikataa kulingana, mtu amenakili vibaya, kwa hiyo irudieni karatasi kabla ya kumgusa mgonjwa.

Mchangiaji, Arusha

Swali fupi, Daktari. Msimu wa baridi jirani yetu alilala na jiko la mkaa ndani, akakutwa hajitambui. Zahanati walimwekea kifaa cha kidole kikasoma 99, wakasema oksijeni anayo. Inawezekanaje?

Mleta uzi

Inawezekana, na ni katika mifano mibaya zaidi ya namba inayosema uongo. Kabonimonoksidi ya mkaa hujishikiza kwenye himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kifaa cha kidole cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Hata shinikizo la oksijeni kwenye gesi za damu litakuwa zuri, kwa sababu linapima oksijeni iliyoyeyuka kwenye plazima, haliangalii ile iliyobebwa na himoglobini. Mashine yenye uwezo wa kuichanganua himoglobini ndiyo itakayosema ukweli. Kama haipo, historia ya jiko inatosha: mtoe nje, mpe oksijeni kwa kiwango cha juu kabisa, mpeleke hospitali, na usingoje kifaa kishuke.

Mleta uzi

Kabla sijaenda zamu, nawaachia wanafunzi karatasi moja. Mama mwenye ugonjwa wa figo, amekosa kusafishwa damu mara mbili, na anatapika kwa siku tatu. pH 7.40, hewa ya ukaa 40, bikaboneti 24. Sodiamu 140, kloridi 90. Mashine haijaweka mshale kwenye gesi hata mmoja. Mnasemaje?

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne

Daktari, nimeanza na mgonjwa kama ulivyosema. Figo zimeshindwa, kwa hiyo natarajia bikaboneti ya chini. Anatapika, kwa hiyo natarajia ya juu. Zote mbili kwa pamoja sijui zinaishia wapi, ila nashindwa kuamini kwamba mama huyu ni mzima. Nimehesabu pengo la anioni, ambalo hupanuka asidi zisizopimwa zikijaa kwenye damu: sodiamu kasoro kloridi kasoro bikaboneti, 140 toa 90 toa 24, ni 26. Kawaida ni 8 hadi 12. Kwa hiyo asidi ipo.

Mleta uzi

Vizuri sana, mwanangu. Malizia: pengo limezidi kwa 14 juu ya 12, maana yake asidi ya figo imekula takribani bikaboneti 14. Rudisha hizo 14 kwenye 24, unapata 38. Hiyo ndiyo bikaboneti ambayo mama huyu angekuwa nayo kwa kutapika peke yake. Ana asidosisi kali na alkalosisi kali kwa wakati mmoja, zimekutana katikati zikaandika 7.40. Ukimtibu kutapika ukaacha kumsafisha damu, alkali itaondoka na asidi itabaki peke yake, na kesho asubuhi pH haitakuwa 7.40. Pima potasiamu sasa hivi, mfanyie kipimo cha umeme wa moyo, na uwapigie simu watu wa kusafisha damu usiku huu huu.